Redio ya FM au redio ya mtandaoni: ipi inakufaa ukiwa Kisumu na vijijini?

Mtu aliyeketi Kisumu leo ana njia mbili za kuisikiliza stesheni ile ile. Anaweza kuwasha redio na kutafuta masafa ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, au anaweza kuingia kwenye intaneti na kuyafuata matangazo hayo hayo yakitiririka kupitia data ya simu au waifai ya nyumbani. Mtangazaji ni yule yule, muziki ni ule ule, na taarifa ya habari ya saa moja jioni haibadiliki hata neno. Kwa sababu hiyo wengi huchukulia kwamba kinachotofautiana ni chombo tu, na kwamba chombo kipya lazima kiwe bora kuliko cha zamani. Nimetumia njia zote mbili kwa zaidi ya mwaka, mjini ninakofanya kazi na kijijini kwetu Seme, na nimefikia rai nyingine: tofauti kubwa ni nani anayelipia umbali ulioko kati ya studio na sikio lako.

Katika FM, anayelipa ni stesheni. Hujenga au hukodi mnara juu ya kilima, hulipia umeme wa mtambo na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na baada ya hapo haijali kama wanaosikiliza ni mia moja au laki moja, kwa kuwa msikilizaji mmoja zaidi hamwongezei mtu yeyote gharama hata ya senti. Mtandaoni mambo ni kinyume. Kila anayefungua matangazo hutengewa mkondo wake, na seva, yaani kompyuta inayosambaza matangazo hayo, humtumia nakala yake peke yake ya sauti ile, hivi kwamba wasikilizaji elfu kumi ni nakala elfu kumi. Stesheni hulipia kuzituma na kila msikilizaji hulipia kuipokea ya kwake. Ukilielewa hilo, maswali mengi ya uchaguzi hujijibu.

Gharama ya kila saa

Sauti ya mtandaoni hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Stesheni inayotiririsha kwa kilobiti 64 hula megabaiti 29 hivi kwa saa, na inayotiririsha kwa kilobiti 128 hula karibu megabaiti 58. Kwa anayesikiliza habari za asubuhi na za jioni tu, hesabu hiyo haitishi. Lakini mchukue kinyozi wa Kondele anayefungua redio saa mbili asubuhi na kuizima saa mbili usiku, siku 26 kwa mwezi. Kwa kilobiti 128 atamaliza takriban gigabaiti 18, na hata kwa kilobiti 64 atamaliza 9. Ichukue bei ya bando unalonunua mara kwa mara, uizidishe, kisha uilinganishe na bei ya mawe ya redio, yaani betri zake, kwa mwezi huo huo au na umeme mdogo unaotumiwa na redio ya mezani. Sijaona bando la simu linaloshinda katika ulinganisho huo, na sidhani litaonekana karibuni.

Kuna mtego mmoja hapa ambao ulinigharimu. Stesheni nyingi siku hizi zina kamera studioni na hurusha vipindi vyao mubashara kwenye YouTube na Facebook, na msikilizaji asiye makini hufuata kiungo hicho akidhani anasikiliza redio. Video, hata ya ubora wa wastani, hula data mara kadhaa kuliko sauti pekee. Bando langu la wiki liliisha kwa asubuhi mbili, na nilipochunguza nikakuta kwamba nilikuwa nikilipia picha ya mtu aliyeketi mbele ya kipaza sauti akinywa chai. Ukiamua kusikiliza mtandaoni kwa data ya simu, tafuta mkondo wa sauti peke yake, ama kwenye tovuti ya stesheni au kwenye programu inayokusanya stesheni nyingi, na ukipewa nafasi ya kuchagua ubora, chagua wa chini. Kwa mazungumzo na habari, kilobiti 32 za usimbaji wa kisasa, yaani namna mpya za kubana sauti, zinatosha kabisa, ingawa muziki hupwaya.

Mwenye waifai ya malipo ya mwezi yuko katika hali nyingine kabisa. Kilobiti 128 ni tone tu katika laini ya megabiti tano au kumi, kwa hiyo redio haimwongezei gharama anayoweza kuihisi. Hali hiyo ilikuwa ya mitaa michache yenye nyaya za intaneti, lakini tangu huduma ya Starlink ilipoingia Kenya mwezi Julai 2023, hata shule au zahanati iliyoko mbali na lami inaweza kuwa nayo ikiwa ina uwezo wa kulipia. Hata hivyo, simjui mtu aliyelipia waifai kwa ajili ya redio. Watu huilipia kwa sababu nyingine, kisha redio ikapanda humo kama abiria wa bure.

Mahali ulipo

Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama mwanga. Mnara ukiwa juu na wewe ukiwa mahali unapoweza, kwa kiasi fulani, kuuona upande uliko, utasikia vizuri. Kilima kikiingia kati, utasikia mvumo. Ndiyo maana nyanda tambarare za Kano hupokea stesheni nyingi bila taabu, wakati mtu wa Nyakach aliye chini kabisa ya mteremko wa Nyabondo, au wa bonde lililofichwa na milima ya Nandi, hulazimika kuzungusha antena mpaka apate pembe inayokubali. Wimbi la FM lina urefu wa mita tatu hivi, na antena inayolipokea vyema ni robo yake, yaani sentimita 75. Ukikunja antena ya redio yako nusu kwa ajili ya urembo, basi usilaumu stesheni.

Ziwa nalo lina tabia yake. Mitandao ya simu imejengwa kuwafuata watu nchi kavu, ilhali mawimbi ya FM hupita vizuri juu ya maji kwa kuwa hakuna kilima cha kuyazuia, hivi kwamba mtu wa ufuoni au visiwani anaweza kunasa stesheni za Uganda au Tanzania ambazo hakuwa akizitafuta. Mvuvi wa omena anayekesha na taa zake mbali na ufuo ana sababu nzuri ya kubeba redio ndogo ya mawe, na simu aiache kwa ajili ya kupiga na kupokea.

Kwa msafiri, ushindi ni wa mtandao, ingawa si kamili. Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho ni kilomita 180 hivi, na katika safari hiyo stesheni moja ya kitaifa hubadilisha masafa zaidi ya mara moja, kwa kuwa kila mnara umepewa masafa yake ili usigongane na wa jirani. Dereva wa matatu anayezijua namba hizo kwa kichwa hubonyeza na kuendelea. Asiyezijua hukosa nusu ya kipindi akitafuta. Anayesikiliza kwa simu habadilishi chochote, ila anapopita kwenye kipande cha barabara ambacho mtandao umedhoofika, sauti hukatika ghafla na kale kaduara huanza kuzunguka. Hapo ndipo ninapoiona tofauti ya tabia kati ya njia hizi mbili: FM ikidhoofika hukwaruza lakini maneno bado husikika, na sikio la binadamu lina ustadi wa ajabu wa kuokota maneno katikati ya mkwaruzo. Mtandao ukidhoofika hunyamaza.

Lugha ya nyumbani na walio mbali

Katika magharibi mwa Kenya, redio ni ya lugha za nyumbani kwa kiwango ambacho mgeni hakitarajii. Ramogi FM na Mayienga FM kwa Kidholuo, Mulembe FM na Ingo FM kwa Kiluhya, Chamgei FM, Kitwek FM na Kass FM kwa Kikalenjin, Egesa FM na Minto FM kwa Ekegusii: hizi ndizo zinazosikika kwenye maduka, mashambani na jikoni. Minara yao imeelekezwa zaidi kule waliko wasemaji wa lugha hizo. Mtu akienda Lamu, Doha au Minneapolis, hakuna antena itakayomsaidia. Mtandao ndio njia yake pekee, na kwake hata swali la kuchagua halipo.

Kipindi kinacholeta hoja hii karibu zaidi ni matangazo ya vifo na mazishi. Kwetu tangazo la redio ndilo linalowajulisha ukoo uliotawanyika kwamba fulani ameaga, kwamba mwili utaondoka mochari siku fulani, na kwamba mazishi ni siku fulani katika boma fulani. Hapo awali aliye mbali aliletewa habari kwa simu na jamaa aliyesikia. Sasa husikia mwenyewe akiwa ng'ambo. Mama yangu huyasikiliza kwenye redio yake ya mawe kijijini, nami mara nyingi huyasikiliza mtandaoni mjini, na imetokea zaidi ya mara moja kwamba amenipigia simu kunipa jina la marehemu ambalo kwangu lilikuwa bado halijasomwa.

Kisa hicho si cha kuchekesha tu. Kinaonyesha kasoro ya kiufundi ambayo wauzaji wa intaneti hawaisemi. Sauti ya FM humfikia msikilizaji papo hapo. Sauti ya mtandaoni hukatwa vipande, hufungashwa, hupelekwa kwenye seva, kisha simu yako huweka akiba ya sekunde kadhaa kabla ya kuanza kucheza ili isikatikekatike. Ukiongeza yote, unachelewa kati ya sekunde kumi na dakika moja hivi. Alama ya saa kamili inapolia mtandaoni, saa kamili imekwisha kupita, kwa hiyo usiitegemee kurekebishia saa ya ukutani. Siku ya debi ya Mashemeji, kati ya Gor Mahia na AFC Leopards, mwenye simu atasikia mtaa mzima ukilipuka wakati mpira wake bado uko katikati ya uwanja. Nimeshuhudia hilo kwenye kibanda cha chai; mwenye kibanda aliizima simu akaomba redio ya jirani.

Siku mambo yanapoharibika

Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Katika usiku kama huo kisambazaji cha waifai kilichochomekwa ukutani huzimika papo hapo, na minara ya simu huendelea kwa betri na jenereta kwa muda fulani tu. Mnara wa FM nao unahitaji jenereta, lakini ni mmoja kwa eneo zima, na redio ya mawe iliyoko mezani haijui kwamba stima imepotea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Wengi walishangaa kuona kwamba hata stesheni ya jirani inaweza kukatika mtandaoni wakati huo. Sababu ni kwamba ikiwa seva iko Ulaya au Marekani, sauti ya studio iliyoko Kisumu huvuka bahari na kurudi kabla ya kumfikia mtu wa mtaa wa Manyatta mjini humo.

Lakini uaminifu unanilazimisha kutaja upande wa pili. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza runinga na redio ziache kurusha maandamano mubashara, na runinga za Citizen, NTV na KTN zikazimiwa mitambo ya hewani hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Wakati huo matangazo yao ya mtandaoni yaliendelea. Mnara unaojulikana ulipo ni rahisi kuzimwa na mtu mwenye ufunguo. Mtandao nao huweza kubanwa, na mwaka mmoja kabla, tarehe 25 Juni 2024, intaneti ilidorora nchini kote. Ila si mara nyingi njia zote mbili hufungwa kwa wakati mmoja, na mwenye zote mbili yuko salama zaidi kuliko aliyeshika moja.

Tena FM yenyewe haijajitenga na intaneti kama inavyodhaniwa. Sauti ya studio ya Nairobi hufika kwenye mnara wa magharibi kwa setilaiti, kwa mawimbi yanayorukishwa kutoka mnara hadi mnara, au kwa intaneti hiyo hiyo. Ukisikia FM imenyamaza kabisa bila mkwaruzo wowote, mtambo uko hewani, ila aliyepotea ni mjumbe wa kuuletea sauti.

Kwa maafa ya mahali pamoja, naipa FM alama zote. Bulala FM ya Budalang'i ilianzishwa kwa ushirikiano na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, katika eneo ambalo mto Nzoia hufurika, ili wakazi wapewe tahadhari kwa lugha yao. Tahadhari ya mafuriko haina maana ikimfikia tu mwenye bando.

Mambo ambayo FM haiwezi kukupa

Kipindi cha FM kikipita kimepita. Mtandaoni unaweza kukipata baadaye kama podikasti, ukakisimamisha na kukirudia, jambo ambalo mwalimu anayetaka kutumia mahojiano darasani, au mkulima aliyekosa maelezo ya dawa ya viwavi, atalithamini. Vilevile masafa ya FM yana kikomo, na katika miji mikubwa nafasi zimejaa, wakati kijana wa Nakuru mwenye kompyuta na kipaza sauti anaweza kuanzisha redio ya mtandaoni bila kujenga mnara. Nyingi za redio hizo hufa baada ya miezi michache, lakini nimepata humo vipindi vya historia ya muziki wa benga ambavyo stesheni kubwa haziwezi kuvipa saa nzima.

Ipo tofauti nyingine isiyozungumzwa: FM haikujui. Hakuna anayeweza kujua ulisikiliza stesheni gani jana usiku. Mtandaoni stesheni huona idadi ya wasikilizaji, nchi waliko na muda waliokaa, na watangaza biashara hupenda takwimu za namna hiyo. Ninaogopa kwamba polepole vipindi vitatungwa kwa ajili ya wasikilizaji wanaohesabika, na mama yangu na redio yake ya mawe hahesabiki.

Je, FM itazimwa?

Wanaouliza swali hili hutaja Norway, ambayo ilizima FM ya stesheni za kitaifa mwaka 2017, au Uswisi, ambako shirika la utangazaji la umma SRG liliacha FM tarehe 31 Desemba 2024 na kupoteza wasikilizaji. Kinachosahaulika ni kwamba nchi hizo hazikuihamishia redio yao kwenye intaneti peke yake, kwani zilikuwa na DAB, ambayo ni redio ya dijitali inayorushwa hewani kutoka minara na kupokewa bila bando. Sisi tulihamisha runinga kuwa ya dijitali mwaka 2015, na wengi tunakumbuka foleni za ving'amuzi, lakini redio tuliiacha kwenye FM. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya kaya nchini zina redio, huku waliokuwa wakitumia intaneti wakiwa chini ya robo ya watu. Idadi ya watumiaji wa intaneti imepanda tangu hapo, na ya redio za mezani inashuka, lakini nchi yenye hesabu hizo haina njia ya kuzima FM bila kuwanyamazisha watu wake. Ninachokitarajia ni kitu kidogo zaidi na cha kimyakimya: stesheni kubwa kuacha kukarabati minara ya pembezoni isiyoleta pesa za matangazo, na kuwaambia wa huko wapakue programu.

Basi chagua hivi

Mwenye duka, kinyozi, fundi cherehani au yeyote anayesikiliza mchana kutwa bila waifai anunue redio ya FM, wala asisumbuke kufikiri zaidi. Mzee aliye kijijini vilevile, na awe na inayotumia mawe au jua pamoja na umeme. Mwenye waifai ya mwezi nyumbani asikilize mtandaoni akipenda, mradi aweke redio ndogo kabatini kwa siku ya giza. Mwanafunzi au mfanyakazi aliye mbali na kwao hana budi kutumia mtandao, lakini ajifunze kupakua podikasti akiwa kwenye waifai ya chuo au ya kazini ili asile bando barabarani.

Kwa anayetaka zote mbili kwa pesa kidogo, jibu liko kwenye simu. Kabambe nyingi zina FM, na simu nyingi za Tecno, Infinix na itel bado zina FM isiyotumia data hata kidogo, ilhali iPhone haina. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue FM mbele yako. Kwa simu nyingi utahitaji kuchomeka waya wa masikioni, kwa kuwa waya huo ndio antena, na simu isiyo na tundu la waya huenda isikusaidie hata kama imeandikwa FM kwenye boksi. Kwa redio ya mezani, nenda nayo nje ya banda la mabati la soko la Kibuye, kwa sababu mabati huzuia mawimbi, uvute antena yote, kisha utafute stesheni unayojua kuwa ni dhaifu huko nyumbani kwako badala ya ile yenye nguvu ambayo muuzaji atakufungulia.